Dereva Hapokei Simu

Baba yangu hachelewi. Nataka tuelewane hapo kwanza, kabla sijasema la Fundi wala la moyo wangu. Ameendesha treni miaka thelathini na mmoja, na wenzake kazini walimbatiza jina la Dakika. Akisema atafika saa mbili na dakika saba, wewe bandika maji ya chai, na saa mbili na dakika saba utamsikia anajifuta viatu mlangoni. Mama husema siku niliyozaliwa baba alifika hospitali kabla yangu.

Kwa hiyo Jumamosi ile, niliporudi nyumbani kutoka kazini saa kumi na robo nikamkuta mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, nilijua kuna jambo.

"Baba yako hajarudi."

"Alitoka saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo. Akaniambia saa saba yupo mezani. Chakula nimekipasha moto mara tatu, sasa kimekuwa gundi."

"Amekwenda wapi?"

Mama akautazama mwiko wake kana kwamba jibu limeandikwa hapo. "Amekwenda kwa huyo fundi wako. Kumwambia hapana."

Niliukamata mlango.

Huyo fundi wangu, mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia. Ana chumba kimoja cha duka karibu na kona, anafufua mashine za gemu zilizokufa, na ana viti vinne vya kukodisha kwa wanaotaka kucheza hapo hapo. Mimi nauza dawa. Siku ya kwanza alikuja dukani kwetu macho mekundu kama aliyekatakata vitunguu, akitaka matone. Nikamwambia dawa ya macho yake ni kulala. Akacheka, akanunua matone, kesho yake akarudi. "Dokta," akasema, "nimelala. Sasa nifanye nini?" Udokta sina, nina cheti cha kuuza dawa tu, lakini jina liliganda. Mwaka mmoja na miezi minne sasa, na kila akiniita Dokta natamani niumwe mimi.

Baba hamtaki, na hajawahi kuficha.

"Mwanamume mzima, mchana kweupe, anacheza!"

"Hachezi, baba. Anatengeneza."

"Anatengeneza nini?"

"Mashine za gemu."

"Basi anacheza."

Kwa baba, kazi ni kitu kinachobeba watu kikawafikisha. Kisichobeba mtu ni upuuzi. Ijumaa jioni Fundi alikuwa ameniambia mjomba wake yuko tayari kuja nyumbani kwetu kujitambulisha, na asubuhi ile ya Jumamosi, wakati wa chai, nilimweleza baba. Baba alifuta mdomo, akasema, "Nimesikia." Sikuongezewa neno. Nikaenda kazini nikijipa moyo kwamba kusikia si kukataa. Kumbe mzee alikuwa anasubiri nitoke ndipo avae viatu.

Na Fundi nilishamwambia ukweli wangu, uso kwa uso, ile Ijumaa. "Baba akisema hapana, ni hapana. Siwezi kuolewa baba amenigeuzia mgongo. Nitalia mpaka nikauke, lakini neno lake sitalivuka."

Alinitazama. Fundi akikutazama, unahisi kama anatafuta mahali palipokatika ili apaunge. "Kwa hiyo maisha yangu yote yamo kinywani mwa mzee mmoja?"

"Yamo."

"Basi Mungu amjalie mzee huyo siku njema," akasema, na tukaachana bila kucheka.

Sasa mzee huyo alikuwa hajulikani alipo. Nilimpigia simu, haipatikani. Nikampigia Fundi, haipatikani. Simu moja kuzimika ni bahati mbaya. Zikizimika mbili, za watu wawili walioonana kwa ubaya, hapo ni ugomvi au ni hospitali.

"Na kidonge chake cha presha cha saa nane?" nikauliza.

"Alikitia mfukoni mwa shati. Kama amekimeza, mimi sijui. Nenda mwanangu. Mimi miguu inatetemeka. Ukimpata tu, nipigie."

Nilikwenda na koti langu la kazini mwilini. Mwendo wa dakika kumi niliukata kwa dakika tano. Kuuza dawa kuna ubaya wake, unajua mambo mengi mno. Nilikuwa najua presha ikipanda kwa hasira mtu huanguka vipi, uso huenda upande gani, ulimi huwaje. Nilimwona baba kichwani mwangu ameanguka sakafuni mwa lile duka, na Fundi amepiga magoti anamwita. Hapo, katikati ya barabara, watu wakinipisha, nikajikuta naomba kwa sauti. "Mungu wangu, baba amkatae tu. Amkatae Fundi, nimekubali. Ila awe mzima."

Nililisema hilo. Sikulazimishwa na mtu.

Pazia la duka lilikuwa limeteremshwa, mlango umerudishwa. Nikaweka sikio. Moyo ulinidunda hata nikakosa kusikia vizuri, kisha nikasikia sauti ya baba, sauti ninayoijua ya kufokea.

"Shika! Shika hapo hapo! Usiachie!"

Na sauti ya Fundi, imebanwa, kana kwamba inatokea chini. "Nimeshika, mzee!"

"Nimesema usiachie!"

Sikubisha hodi. Niliusukuma mlango kwa bega.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, mgongo umenyooka, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Usoni alivaa yale madude meusi ya gemu, miwani mikubwa inayofunika macho yote hata huoni chumba ulichomo, na masikio ameyaziba kwa vyombo vya kusikilizia. Mbele yake palikuwa na ubao wenye mikono ya mbao na chuma, ya kuvuta na kusukuma. Fundi wangu alikuwa amepiga magoti chini ya meza, ameukumbatia ule ubao kwa mikono miwili usiruke, shingo ameikunja ili aone skrini iliyotundikwa ukutani. Kwenye skrini palikuwa na reli, mashamba, ukungu, na jua linachomoza.

Baba alikuwa anaendesha treni.

Fundi akaniona. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa na mtu aliyeokolewa, kwa wakati mmoja.

"Mzima?" nikauliza kwa midomo tu.

Akaitikia kwa kichwa.

"Kidonge?"

Akanionyesha kwa kidevu. Mezani palikuwa na glasi tupu ya maji, na kando yake karatasi ya kidonge, imetobolewa.

Niliegemea ukuta, nikateleza taratibu mpaka nikakaa chini. Ahueni ilinishukia kuanzia kichwani, ikanilegeza kila kiungo. Mzima. Amemeza dawa. Anafoka kama kawaida yake. Nilikaa pale sakafuni nikipumua kama niliyetoka mbioni, na kweli nilitoka mbioni. Kisha, nguvu ziliporudi, hasira nazo zikaja.

Nikatambaa mpaka chini ya meza.

"Saa kumi na nusu, Fundi!" nikamnong'oneza. "Mama anakufa kwa presha yake mwenyewe kule nyumbani! Simu zenu ziko wapi?"

"Amezizima. Kasema kwenye kichwa cha treni hakuna... Taa ya njano, mzee!"

"Njano!" baba akaitikia kule juu, akauvuta mkono mmoja.

"...hakuna simu. Dereva hapokei simu, na msaidizi wake hapokei."

"Na wewe umekaa chini ya meza tangu saa tano?"

"Tangu saa nane na nusu. Skrubu imelegea. Kabla ya hapo nilikuwa na kiti kama binadamu wengine. Kijani, mzee!"

"Kijani!"

"Mwambie ashuke."

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye mwenye duka!"

"Na wewe ndiye mwenye baba!"

Nilimfinya. Hakupiga kelele, maana mikono yake haikuwa na nafasi ya kujitetea. Nyuso zetu zilikuwa karibu sana kule chini, nikaona jasho kwenye nyusi zake na vumbi shavuni. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfuta lile vumbi.

"Amekwambia?" nikauliza.

"Bado."

"Bado? Masaa matano?"

"Aliingia, nikampa shikamoo, akaitikia. Akasema, 'Nimekuja kwa jambo moja tu.' Nikamwambia karibu mzee, kaa. Akafungua mdomo, basi jicho likaangukia huu ubao. Kuna mteja ameniagiza nimtengenezee, wa gemu ya treni. Mzee akaukodolea macho. Akasema, 'Nani kaiweka breki upande huu?'"

"Mungu wangu."

"Nikamwambia ni mimi, sijawahi kuona ya kweli. Nikamwomba anionyeshe. Akavuta kiti." Akaukaza mkono kwenye ubao. "Dokta, hiyo gemu mwendo wake ni wa kweli. Kama kutoka stesheni hii mpaka ile ni dakika ishirini, ni dakika ishirini kweli. Na baba yako hashuki njiani. Nilimwambia tusimamishe kidogo, akaniuliza kama nina wazimu, abiria tuwaache porini?"

"Nani anaongea humo?" baba akanguruma. "Msaidizi! Umepakia mtu kwenye kichwa cha treni?"

Fundi akanitazama. Nikatikisa kichwa, asithubutu.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Mmoja."

"Ashuke stesheni inayofuata!"

Niliuma ukosi wa koti langu nisicheke. Nikatoka chini ya meza, nikasimama kando, na hapo ndipo nilipomwona baba vizuri. Ile miwani ilificha macho, lakini mdomo ulibaki wazi, na mdomo ulikuwa unatabasamu. Miaka miwili tangu astaafu sikuwa nimeuona mdomo ule hivyo. Alikuwa mtu wa kukaa dirishani, kumsema mama kuhusu chumvi, kumsema kaka yangu kuhusu viatu. Tulidhani amepumzika. Kumbe alikuwa amekaa stesheni, na treni haiji.

Alisimamisha lile treni lake kwa ulaini ambao hata mimi niliuona, hakuna kilichotikisika. Akangoja. Kwenye skrini watu walishuka na mizigo yao, mmoja mmoja, na baba alimngoja hata wa mwisho.

"Milango."

"Imefungwa, mzee."

"Breki ya kuegesha, tayari. Andika tumefika salama."

"Nimeandika, mzee."

Akavua miwani. Ilimwachia alama mbili mashavuni. Akapepesa macho, akaniona.

"Aa, mama," akasema. Baba huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Umekuja kunichukua? Mwambie mama yako apakue, nakuja. Saa saba haijafika."

Nilimtazama Fundi, Fundi akatazama sakafu.

"Baba, ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi."

Akacheka. Akamgeukia Fundi ili wacheke pamoja, na Fundi hakucheka. Baba akatoa saa yake mfukoni, alikuwa ameivua isigonge ubao. Akaitazama. Akaiweka sikioni. Kisha akaenda mwenyewe dirishani, akalifungua pazia, akaangalia kivuli cha nyumba ya pili kilivyolala barabarani.

Alirudi akakaa, safari hii kama mzee.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimechelewa?"

"Si neno, baba. Mradi uko mzima."

"Masaa manne! Sijachelewa dakika nne tangu nianze kunyoa ndevu." Alifunika uso kwa mikono. "Mama yako atakuwa ameshanikalia matanga."

Hapo Fundi akatoka chini ya meza. Magoti yake yalikuwa na alama za sakafu. Akasimama mbele ya baba, mikono ameshusha, na nikaiona ile sura anayokuwa nayo akitaka kumwambia mteja kwamba mashine yake haiponi. Nikamkonyeza. Nikamkazia macho. Nyamaza, nilimwambia kwa kila njia isiyo na sauti. Nyamaza, mambo yamekaa vizuri.

"Mzee, hukuchelewa. Nimekuchelewesha mimi."

Baba akatoa mikono usoni.

"Nilipokutolea kidonge mfukoni nilijua ni saa nane, maana Dokta aliwahi kuniambia muda wako wa dawa. Nikakuambia, 'Mzee, saa nane.' Ulikimeza, lakini hukuitikia, ulikuwa mbali. Nilisema mara moja tu, tena polepole. Sikurudia."

"Kwa nini hukurudia?"

"Zilikuwa zimebaki stesheni mbili njia iishe. Ikiisha utavua miwani, na ukivua utasema ulilokuja kusema." Akamtazama baba usoni. "Basi ulipofika nikafungua njia nyingine. Na hiyo ilipoisha, nyingine. Sikukudanganya kwa mdomo, mzee, lakini saa niliijua nikanyamaza. Nilikuwa mwoga."

Mimi nilifumba macho. Nilisema moyoni, basi tena. Nilimtoa Fundi sadaka kule barabarani kwa mdomo wangu, na Mungu amepokea.

Baba alisimama. Alimsogelea Fundi mpaka wakabaki pua kwa pua.

"Umefanya kazi ya msaidizi wa dereva leo. Kazi yake ni nini?"

"Kuita taa."

"Kisha?"

"Dereva aitikie."

"Asipoitikia?"

Baba akajibu mwenyewe.

"Anaita tena! Anaita mpaka aitikiwe. Dereva awe mkali, awe amenuna, awe ni Dakika mwenyewe. Ukiita mara moja ukanyamaza, hujaita. Watu wanakufa hivyo."

"Ndiyo, mzee."

"Pale darajani nilipopita taa nyekundu, nani aliniambia?"

"Mimi."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, 'Mzee, umepita nyekundu!'"

"Kwa sauti gani?"

"Kubwa, mzee. Nisamehe."

"Kubwa! Ulinipigia kelele kama mimi ndiye mwanao! Nimefanya kazi na wasaidizi tisa, na saba kati yao wasingethubutu." Baba akamnyooshea kidole kifuani. "Kwa hiyo kuita unajua. Kilichokushinda ni kuita lile lisilokufaa wewe. Na ndani ya nyumba, kijana, mengi yanayotakiwa kuitwa ni yasiyokufaa. Siku ukiliona moja, utaita au utanyamaza?"

Fundi alinitazama mara moja tu, haraka, kisha akamrudia baba.

"Nimeshaita, mzee. Sasa hivi. Hakuna aliyeniuliza."

Baba alimtazama yule kijana wa watu kuanzia nywele mpaka kwenye magoti yenye vumbi, akarudi juu.

"Hapo umeita," akasema. Akaanza kuteremsha mikono ya shati, mmoja, kisha mwingine, akifunga vifungo. "Basi ni onyo. Msaidizi simfukuzi kwa kosa la kwanza. La pili, namshusha popote tulipo." Akaivaa saa yake. "Natoka nje nipate hewa. Macho yananiuma. Wewe muuza dawa, madude haya hayana masharti?"

"Yana, baba. Mapumziko kila nusu saa."

"Mngeniambia mapema," akasema kwa kiburi chake chote, akatoka.

Tulibaki sisi wawili. Nilimwendea nikampiga ngumi ya bega, kisha nikauweka uso wangu pale pale nilipopiga.

"Mjinga wewe. Kwa nini umesema? Alikuwa hajui!"

"Ungetaka uolewe na yule aliyenyamaza?"

Alinuka vumbi na risasi ya kuungia nyaya, na moyo wake ulikuwa unakimbia kuliko wangu. Nilipenda kuusikia. Lakini kulikuwa na jambo limenikaa kooni, na baada ya aliyoyafanya yeye, nisingeweza kulimeza.

"Na mimi nina la kuita," nikasema bila kuinua uso. "Nilipokuwa njiani nilikutoa."

"Ulinitoa vipi?"

"Nilimwambia Mungu, baba amkatae Fundi, ilimradi awe mzima. Nilikutoa wewe. Sikufikiri mara mbili."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nilisubiri anisukume. Mkono wake ukaja juu ya kichwa changu, ukatulia.

"Ulifanya sawa," akasema.

"Hujaumia?"

"Nimeumia. Lakini kwa mama yangu ningekutoa vile vile. Halafu ningekuja kulia hapa chini ya meza mpaka skrubu zote zilegee."

Nilicheka na machozi yakanitoka, hata sijui kipi kilitangulia. Nikainua uso. Lile vumbi bado lilikuwa shavuni mwake, nikalifuta kwa kidole gumba, taratibu, na alisimama kimya kama mtoto anayeoshwa. Nilimpenda pale kuliko siku zote. Nilimpenda kwa magoti yake na kwa uoga wake aliousema mwenyewe.

"Mnatoka au mmehamia?" baba akaita kutoka nje. "Kijana, funga duka uje ule. Chakula kimeharibika, lakini waliokiharibu ni sisi."

Fundi akabaki nyuma akihangaika na kufuli. Nikatembea na baba hatua chache mbele. Alikuwa anatembea mikono mgongoni, kifua mbele, kama enzi zile akitoka kazini na mfuko wake.

"Mama," akasema, "uliwahi kuniuliza breki ya treni iko upande gani?"

Nilifikiri. "Hapana, baba."

"Wala mama yako. Wala kaka yako. Si lawama. Mlikula, mkasoma, ndiyo maana ya kazi." Akakohoa. "Lakini miaka miwili nimekaa pale dirishani, hakuna mtu aliyeniuliza neno moja la kazi yangu. Hata moja. Huyu kijana ameniuliza leo kilima kinapandwaje na mzigo, mvua ikinyesha reli inakuwaje, nikisikia nini najua gurudumu lina kasoro. Nilikuwa nahesabu maswali, nikaacha."

Mimi nililia waziwazi, na koti langu jeupe, barabarani, mchana. Nikamshika mkono. Hajazoea kushikwa mkono, lakini hakuutoa.

"Baba."

"Naam."

"Na lile neno ulilotoka nalo nyumbani?"

"Neno gani?"

"La hapana."

Alisimama. Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, kama mtu anayetafuta funguo.

"Nilitoka nalo nyumbani, liko mdomoni kabisa," akasema. "Sijui nimelishushia stesheni gani." Kisha akageuka nyuma akapaza sauti. "Wewe! Mjomba wako anafanya kazi siku za Jumapili?"

"Hafanyi, mzee!" Fundi akajibu, funguo zikamdondoka.

Hapo simu yangu ikaita. Nilipoliona jina nilijipiga paji la uso. Mama! Nilisahau kabisa kumpigia.

"Wewe mtoto!" Ilibidi niisogeze simu mbali na sikio. "Saa kumi na moja na robo! Nimekutuma ukamtafute baba yako na wewe ukapotea! Umempata au hujampata?"

Niliangalia nyuma. Baba alikuwa katikati ya barabara, amenyoosha mikono miwili hewani, anamwonyesha Fundi breki inavyovutwa kidogo kidogo, na Fundi anaitikia kwa kichwa, naye amenyoosha yake. Wapita njia walikuwa wanawazunguka.

"Nimewapata, mama," nikasema. "Wote wawili."